Rambirambi kwa msiba hewa: uongo wa Fargo na deni lake

Kabla hujaona mtu wala gari, filamu ya Fargo inakupa kitu cha kusoma. Hiki ni kisa cha kweli, maandishi yanasema. Matukio yalitokea Minnesota mwaka 1987. Kwa ombi la walionusurika, majina yamebadilishwa. Kwa heshima ya marehemu, mengine yote yamesimuliwa kama yalivyotokea. Kisha weupe mtupu. Theluji imemeza ardhi na mbingu, huoni zinapokutana. Muziki unaingia taratibu, umejengwa juu ya wimbo wa kale wa Norway wa kondoo aliyepotea, na ndani ya weupe ule zinatokea taa za gari linalovuta gari jingine.

Hakuna marehemu. Hakuna mtu aliyenusurika akaomba jina lake lifichwe. Mwaka 1987 ulipita Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, bila kisa kile. Kilitungwa na ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, na ukiwa na subira ya kungoja orodha ya majina ipite yote mwishoni, utakutana na lile tangazo la kisheria la kila siku linalosema kwamba watu na matukio ni ya kubuni. Filamu imeapa mlangoni, ikakana kiapo ikiwa inatoka, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu.

Ugomvi juu ya maandishi hayo haujapoa tangu filamu ilipotoka mwaka 1996. Wapo wanaosema ni mbinu ya msimulizi, tena ya mtu mwerevu, na mtu mzima aliyelipa kiingilio cha sinema anajua ameingia kusikiliza hadithi. Wapo wanaosema kuna mambo hayachezewi, na heshima kwa marehemu ni mojawapo. Nimewahi kukaa pande zote mbili.

Mara ya kwanza niliiona kwa kanda ya kuazima, imechoka hadi picha inatetemeka. Tulikuwa watano sebuleni na sote tuliamini kila neno. Ilipokwisha, mmoja wetu alishusha pumzi akasema, "Masikini yule mama." Miaka ikapita ndipo nikajua kwamba yule mama hayupo wala hakuwahi kuwapo, nikajiona kama mtu aliyetoa rambirambi kwenye msiba hewa.

Neno hewa nimelitumia kwa makusudi, maana kisa chenyewe kinaanzia hapo. Jerry Lundegaard, anayeigizwa na William H. Macy, ni meneja wa mauzo kwenye yadi ya magari ya Oldsmobile huko Minneapolis. Yadi ni ya baba mkwe wake, Wade, mzee tajiri asiyemwona mkwewe kuwa mtu. Jerry amechukua mkopo wa dola 320,000 kwa dhamana ya magari ambayo hayapo. Nasi tuliozoea wafanyakazi hewa na miradi hewa hatuhitaji kufafanuliwa. Wakopeshaji wanapiga simu wakitaka namba za magari hayo, yeye anawapelekea fomu zisizosomeka. Ili azibe shimo, anawakodi wahuni wawili, Carl na Gaear, wamteke mkewe, Jean. Wao anawaambia kikombozi ni dola 80,000, wachukue nusu, pamoja na gari jipya. Baba mkwe anamwambia watekaji wanataka milioni nzima.

Mpango unaharibika mapema. Askari wa doria anawasimamisha karibu na mji mdogo wa Brainerd, anauawa. Watu wawili waliopita na gari lao na kuona, nao wanauawa. Ndipo anaingia Marge Gunderson, mkuu wa polisi wa Brainerd, mjamzito wa miezi saba, ameamshwa kwa simu alfajiri. Mumewe anaamka naye na kumkaangia mayai kwanza, kwa sababu mtu haendi kuangalia maiti na tumbo tupu. Hadi filamu inakwisha wamekufa watu saba.

Na inachekesha. Hapo ndipo penye matatizo yote.

Nianze na utetezi. Ndugu Coen wamejieleza mara kadhaa, na maelezo yao hayana kona nyingi: walitaka kutengeneza filamu ya aina ya kisa cha kweli, na kwa hilo huhitaji kisa cha kweli. Mtazamaji akishaamini, anakupa ruhusa ya kufanya mambo ambayo asingeyakubali kwenye hadithi ya kutunga. Macy amesimulia kwamba aligundua wakiwa kazini kuwa hakuna tukio lolote la kweli la namna hiyo, akawaambia hamwezi kufanya hivyo. Wao wakamuuliza, kwa nini tusiweze? Naye Ethan, katika dibaji ya muswada uliochapwa mwaka uleule wa 1996, aliandika waziwazi kwamba hadithi hii inajifanya kuwa ya kweli. Kwa hiyo siri haikukaa sana. Tena hawa ni watu wenye mazoea: mhariri wa picha aliyetajwa kwenye filamu hiyo, Roderick Jaynes, hayupo duniani. Ni wao wenyewe kwa jina la bandia, na bwana huyo asiyekuwapo akateuliwa kuwania Oscar.

Ruhusa wanayoisema si maneno matupu, ukitazama kwa makini utaiona ikifanya kazi. Hadithi ya kutunga ya polisi na wahalifu ina masharti yake. Kila kitu kinachoonyeshwa sharti kije kutumika. Fargo inajaza muda wake kwa vitu visivyotumika: Marge anamnunulia mumewe minyoo ya kuvulia samaki, Marge anakula, Marge anakula tena, mumewe anahangaikia mchoro wake wa bata aliouingiza kwenye mashindano ya stempu. Ungeambiwa ni hadithi tu ungeuliza haya yanatupeleka wapi. Umeambiwa ni kweli, basi unanyamaza. Maisha ndivyo yalivyo, mtu anachunguza mauaji huku kiuno kinamuuma na njaa inamsumbua.

Kuna tukio moja la Jerry ambalo kwangu linatosha kuitetea filamu nzima. Ametoka kwenye kikao na baba mkwe. Alikuwa amepeleka wazo la biashara ya maegesho ya magari, dola 750,000, akidhani atapewa fedha azishike yeye; wakamwambia wazo ni zuri, watalinunua wenyewe, yeye apewe kamisheni. Anatembea peke yake kwenye uwanja mweupe, kamera iko juu, mtu anaonekana kama sisimizi kwenye shuka. Anafika kwenye gari. Kioo cha mbele kimefunikwa na barafu. Anachukua kikwanguo, anaanza kukwangua. Halafu anapasuka: anapigapiga, anatupa kikwanguo, anarusha mikono kama mtoto aliyenyimwa. Hakuna anayemwona. Anasimama, anahema. Kisha anakiokota kikwanguo na kuendelea kukwangua, kwa sababu atafanyaje, lazima arudi nyumbani.

Nimecheka kila nilipoliona, na kila mara kicheko kimeniganda katikati. Huyu mtu anapanga mkewe atekwe. Na bado ile hasira ya kuingoja barafu ikutoke kwenye kioo, au mvua, au foleni, au fundi aliyesema saa nne na sasa ni saa kumi, naijua. Ucheshi mweusi ukikaa sawasawa hufanya hivi: hukukalisha meza moja na mtu ambaye ungependa akae mbali.

Wanaopinga watasema sawa, lakini tukio hilo lingefanya kazi hiyohiyo bila uongo wa mwanzoni. Sina hakika. Msimulizi wetu akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", tumefunga mkataba. Sungura akidanganya, fisi akifa, mtoto hatakosa usingizi, maana sote tumekubaliana tuko wapi. Coen walituvuta ndani bila kutuitisha "Pakawa". Tungeitika, tungecheka kwa raha zetu. Kwa kuwa hatukuitika, kila kicheko kinakuja na swali dogo: hivi namcheka mtu aliyekufa kweli?

Na swali hilo linafika kilele kwenye tukio la Jean.

Wamemfikisha kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa. Amefungwa mikono, amevishwa kitambaa kichwani hadi shingoni, haoni kitu. Wanamtoa kwenye gari, anachomoka, anaanza kukimbia. Kukimbilia wapi, hajui. Anazunguka kwenye theluji kama kuku aliyekatwa shingo, anayumba, anarudi alikotoka, anatoa sauti isiyo neno. Gaear anataka kwenda kumkamata. Carl anamzuia kwa mkono, ili waendelee kutazama, na anacheka. Anacheka kwa moyo wote, kama mtu aliyeona mchezo mzuri. Jean anaanguka.

Sebuleni kwetu, siku ile ya kanda mbovu, mtu mmoja alicheka pamoja na Carl. Halafu akajishika mdomo. Hakuna aliyemsema, lakini sote tulisikia alivyonyamaza.

Wanaoishambulia filamu hulishika tukio hili kama ushahidi wa kwanza. Jean ndiye asiye na hatia kuliko wote, wanasema, na ndiye anayepewa utu kidogo kuliko wote. Tunamwona akifuma huku anatazama televisheni, tunamwona akipiga kelele, akijificha bafuni, akijiviringisha kwenye pazia la bafu hadi anaporomoka ngazi. Tukio hilo nalo limepangwa lichekeshe. Baadaye yuko chini, amefungwa kwenye kiti, amekufa, na muuaji wake anatazama televisheni inayokwaruza. Sababu anayoitoa ni kwamba alikuwa anapiga kelele. Basi. Jerry, aliyepaswa kumlilia, tumeshamwona akifanya mazoezi ya sauti ya huzuni peke yake kabla ya kumpigia simu baba mkwe. Hata machozi ya kwanza ya msiba huu yalikuwa hewa.

Utetezi unasema Carl ndiye anayecheka, na filamu imemweka Carl pale ili ukijikuta unacheka naye ujue umekaa upande gani. Nakubali, kwa sharti. Kioo cha namna hiyo kinafanya kazi kwa mtu anayejitazama. Yule asiyejitazama ameondoka na kicheko tu, na ameambiwa na maandishi makubwa kwamba amecheka kwa heshima ya marehemu.

Nikifika hapa huwa nafikiria watani. Kwa asiyejua desturi hii: Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi ana haki ya kuja msibani na kufanya vituko. Anaweza kumwigiza marehemu anavyotembea, anavyokohoa, anavyokwepa kulipa deni. Anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayekasirika. Akifanya vilevile mtu asiye mtani, atatolewa mkuku. Kicheko msibani kwetu kinaruhusiwa, ila kina wenyewe.

Je, Coen ni watani wa nani? Wamezaliwa na kukulia St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis, Joel mwaka 1954 na Ethan mwaka 1957, katika familia ya Kiyahudi iliyozungukwa na wajukuu wa wahamiaji wa Norway, Sweden na Ujerumani. Ni wa pale pale, lakini si wa ukoo ule. Ukitafuta tafsiri ya mtani, hutapata nafasi nzuri kuliko hiyo. Wanaijua lafudhi ile ya kuvuta, ule upole wa kutikisa kichwa na kuitikia "yah" hata kwa jambo wasilolikubali, lile shauri la hali ya hewa lisiloisha. Wapo wenyeji waliolalamika kwamba wamefanywa washamba mbele ya dunia. Hoja hii siioni nzito, labda kwa sababu Kiingereza chao chote kwangu ni cha mbali. Ninachokiona ni uungwana ninaoufahamu. Marge hamhoji mtu kabla ya kumjulia hali, na mtu wa pwani asiyeanza neno kabla ya habari za nyumbani, za watoto na za kazi atamwelewa haraka kuliko mtazamaji wa New York. Anayechekwa kwa lafudhi ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani. Mara moja tu utani unateleza: Shep Proudfoot, fundi wa gereji mwenye asili ya wenyeji wa kale wa Marekani, ambaye filamu haina la kumfanyia zaidi ya kumnyamazisha na kumpandisha hasira. Huko Coen hawana utani na mtu, na inaonekana.

Kwa hiyo ruhusa ya kuwatania Waminnesota ninawapa. Ya kutania msibani je? Mtani anahitaji maiti. Coen hawakuwa na maiti, wakatunga maiti, wakatunga na wafiwa, wakasema wafiwa wameridhia. Ukiitazama hivyo, inakaribia kuwa jambo jema: hawakumuumiza mtu. Mtu akinilaumu kwa kumdhihaki marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa, nitamwambia kesi yako haina mlalamikaji.

Wanaopinga wana jibu, na jibu lao la siku zote ni mwanamke wa Kijapani. Mwaka 2001, mwezi Novemba, mwanamke wa Tokyo mwenye miaka 28 alikutwa amekufa kwenye baridi karibu na Detroit Lakes, Minnesota. Siku chache kabla, polisi wa Bismarck, North Dakota, walikuwa wamezungumza naye kwa shida, kila upande ukibahatisha lugha ya mwenzake, na wakaelewa kwamba anatafuta fedha za Fargo. Kwenye filamu Carl anaweka kando dola 80,000 za kugawana na mwenzake, na zile 920,000 zilizobaki anazifukia kwenye theluji chini ya ua wa waya, anachomeka kikwanguo chekundu kama alama. Ua huo unakwenda mbali pande zote mbili, nguzo zote zinafanana. Magazeti yakaunganisha: amesoma "kisa cha kweli", ameamini, amevuka bahari kufuata hazina, amekufa kwa uongo wa watu wawili wa sinema.

Kisa hicho kinasisimua na hakikuwa hivyo. Ilikuja kufahamika kwamba alikuwa amepoteza kazi, alikuwa na uhusiano wa zamani na mwanamume Mmarekani, Minneapolis hakuwa mgeni nako, na aliwaandikia wazazi wake barua ya kuaga. Alikwenda kufa. Hakwenda kuchimba. Lakini uvumi ulishapendeza mno kuachwa, na mwaka 2014 ukatengenezewa filamu yake. Ona kilichotokea: watu walioudhika kwamba Coen walibuni kisa na kukiita cha kweli, nao wakambunia marehemu wa kweli kisa na kukiita cha kweli. Na huyu alikuwa na wazazi. Nadhani ushahidi huu unawaumiza wanaouleta.

Ungeishia hapo, ningesema Coen wameshinda. Filamu yenyewe inaelekea kujitetea vizuri kuliko watetezi wake. Kuna tukio ambalo watazamaji wengi huliona limepotea njia: Marge akiwa Minneapolis anakutana hotelini na Mike Yanagita, waliyesoma naye. Mike anasimulia kwamba alimwoa Linda, mwanafunzi mwenzao, Linda akaugua saratani ya damu, akafa. Analia pale mezani. Marge anamwonea huruma. Kesho yake, kwenye simu, rafiki anamwambia Linda yu hai, hawakuwahi kuoana, Mike alikuwa akimsumbua tu. Marge anabaki kimya ndani ya gari. Kisha anarudi yadi ya magari kumhoji Jerry kwa mara ya pili, na safari hii Jerry anakimbia.

Filamu haisemi kwamba jambo moja limezaa jingine. Lakini angalia mpangilio. Mwanamke mwema amelishwa msiba hewa, amegundua, na ndipo anapomkumbuka yule meneja mpole aliyemuaga kwa tabasamu. Kilichompata Marge hotelini ndicho kilichotupata sisi kwenye maandishi ya mwanzo. Sidhani kama ni bahati nasibu. Tuzo mbili za Oscar ilizopata, ya mwigizaji bora wa kike kwa Frances McDormand na ya muswada bora asilia, zinaweza kusomwa zote kwenye zile sekunde chache za kimya garini.

Lakini sijamaliza, kwa sababu nilisema hakuna marehemu, na hapo nami nimewadanganya kidogo.

Ndugu Coen wenyewe wamekiri kwamba vitu viwili kwenye filamu vilitoka duniani. Cha kwanza ni ule ulaghai wa mikopo ya magari kwa namba za kughushi. Cha pili ni mashine. Wengi walioiona Fargo hukumbuka tukio moja kabla ya yote: Gaear, kando ya ziwa, akisukuma mguu wa mwenzake ndani ya mashine ya kusaga matawi, soksi nyeupe ikiwa juu, theluji imegeuka nyekundu. Hilo halikutungwa. Mwezi Novemba 1986, huko Newtown, Connecticut, rubani mmoja alimuua mkewe, mhudumu wa ndege mzaliwa wa Denmark, na kuuharibu mwili kwa mashine ya namna hiyo usiku wa dhoruba ya theluji. Dereva wa gari la kuzoa theluji alimwona mtu akiendesha mashine saa ambayo hakuna anayepaswa kuendesha mashine. Wapelelezi walikwenda kuchekecha ukingo wa mto. Walichopata kilikuwa nywele, vipande vya mifupa, ukucha, jino lililowahi kutibiwa. Ukiviweka pamoja havifiki gramu 100. Baraza la kwanza la mahakama lilishindwa kuafikiana. La pili, mwaka 1989, lilimtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka 50.

Pima sasa. Filamu iliyodai kila kitu ni kweli ilikuwa na jambo moja zito la kweli, na hilo ndilo ililolifanya kichekesho chake kikubwa. Ikahamisha mahali, kutoka Connecticut hadi Minnesota. Ikahamisha mwaka, 1986 ukawa 1987. Ikahamisha mwili: mke akawa jambazi, na jambazi akiingia mashineni roho hazituumi sana. Kwa yule mama wa Connecticut, maneno ya mwanzo yangekuwa karibu na ukweli, "majina yamebadilishwa", na kwake tu hayakukusudiwa.

Mtetezi atasema kumbadilisha mwathirika ni heshima. Wangeweza kumweka Jean mashineni, na hawakufanya hivyo. Ni kweli, na ninaipa hoja hii uzito kuliko nilivyoipa zamani. Mtunzi huokota vitu barabarani. Akimlipa kila mwenye kitu hakuna hadithi itakayoandikwa. Lakini kuokota kimya ni jambo moja, na kuokota huku umebandika tangazo la heshima kwa marehemu ni jingine. Tangazo lilimheshimu asiyekuwapo, aliyekuwapo likampita.

Uongo wa jumla, basi, siuoni kuwa kosa. Ulimfanya mtu mmoja kwenye sebule ya watu watano ajishike mdomo, na sijui filamu nyingi za kubuni zilizofanya hivyo. Mfululizo wa televisheni uliozaliwa na filamu hii mwaka 2014 umeendelea kuweka maneno yaleyale ukibadilisha mwaka na mahali tu, na sasa hayamshtui mtu, yamekuwa "paukwa" ya Kimarekani. Deni ni dogo na lina jina la mtu mmoja, na halilipiki. Mashine iliyotumika kwenye filamu inatunzwa kwenye kituo cha kupokelea wageni huko Fargo, mji wa North Dakota wenye jina la filamu, mguu wenye soksi umetokeza juu, na nje wameweka ya mfano wake ili asikose mtu. Familia zinapiga picha zikisukuma mguu. Huenda na mimi ningepiga.

Mwishoni Marge anaendesha gari la polisi, Gaear yuko kiti cha nyuma nyuma ya wavu, haongei. Nje ni weupe ule ule wa mwanzo. Marge anamhesabia waliokufa, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, na anamwambia yote hayo yamefanyika kwa ajili ya vijisenti, na maisha yana mengi zaidi ya fedha, na leo ni siku nzuri. Yule aliyekuwa sakafuni ndani ya nyumba, anasema, bila shaka ni Bi. Lundegaard. Hesabu yake haikosei. Ila Marge hakumjua Jean, na katika orodha nzima anamtaja kwa jina la Jerry.